Neema amebadilisha valve, na miye nikagawa mafuta yake

Alhamisi, siku ya ine. Asubui wingu lilikuwa zito, saa hii limefunguka kidogo. Avenue yetu hapa Ngezi, mu Bunia, yote inanuka mafuta na potopoto ya mvua. Siwezi kukaa bila kuandika.

Leo Neema, mutoto wa binti yangu, amefufua mashini.

Wenye hamunijue: niko mwanamuke muzee, ku masomo sikufika, herufi nilifundishwa na wamama wa kanisa wakati meno ilikuwa imeanza kunitoka. Nikikosea, weye soma tu na unyamaze. Neema nilimulea tangu anatambaa. Aliposema anataka kujifunza kazi ya makanika, avenue nzima ilimucheka. Miye pia nilimucheka, sitaficha. Kiisha nikaona vile anarudi nyumbani na gris ya mashini mupaka ku masikio na anaimba, nikanyamaza. Mutu anayerudi ku kazi akiimba, unamuacha.

Sasa, hii mashini. Ni ile kubwa yenye mukono wa chuma, inachimba mufereji wa maji ya mvua. Tangu juma iliyopita imelala mbele ya lupango yangu, uwanja wa nyumba. Mukono ulikuwa unapanda, kiisha unashuka wenyewe, pole pole, kama muzee anayesinzia ku ibada. Neema akasema ni valve. Alinielezea hivi: ndani ya mashini mafuta njo inasukuma mukono, na valve ni mulango mudogo wa chuma wa kuifungia njia. Mulango ukichoka, mafuta inatoroka, mukono unaanguka.

"Kama mudomo wa Mama Zawadi," nikamuambia. "Haufungike."

Mama Zawadi ni jirani wangu. Alikuwa anasikia ku upande wa pili wa lupango. Njo maana nilisema kwa nguvu.

Valve mupya ilifika jana na basi, imetoka Kampala, imefungwa mu nailoni kama nyama. Na leo asubui mukubwa wa shantie, ile kazi ya mufereji, papa mumoja wa Butembo mwenye maneno kidogo, alimuambia Neema mbele yangu: "Unafanya peke yako. Jioni mukono ukipanda na ukibaki juu, unaingia mu ekipe, kundi yetu ya kazi. Ukishuka, ninaita fundi wa Marabo, na weye unarudi kuosha vyuma."

Miaka yote hii anaosha vyuma ya wengine. Nilitaka kumujibu huyo papa. Neema aliniangalia, nikarudi kutwanga sombe yangu, majani ya muhogo.

Akaanza. Ndoo ya mashini akaiweka chini kabisa, akazima moteri, akatikisa vile vijiti vya kuendesha, sina jina lake, ili nguvu yenye ilibaki ndani itoke. Kiisha akatoa mafuta yote ya hiyo mukono, akaiweka mu bidon ine, madumu ya plastiki, akafunika, akazipanga ku ukuta wa kikoni yangu ya kupikia, ku kivuli. Akaingia chini ya mashini. Nikabaki naona miguu tu.

Hapa njo nilifanya ujinga.

Hapa Bunia kila mutu anajua: mafuta ikitoka mu moteri, makanika anaimwaga ao anaigawa, na siye tunapakaa ku miti ya nyumba, muchwa hawaikulake tena. Nyumba yangu ya potopoto imesimama juu ya mafuta ya namna hiyo. Nikaona bidon ine, nikasema, Mungu ametupatia. Nikaita watu. Mama Zawadi akabeba mbili. Mama mumoja wa kule chini, moja. Papa Yosia katekista, moja, na akanibariki. Nilifurahi sana. Nilijiona mama mwenye mali.

Kama ningeangalia rangi ningejua. Mafuta ya kumwaga iko nyeusi. Hii ilikuwa kama asali.

Neema akatoka chini ya mashini, ile valve ya zamani mu mukono, jasho kila pahali, anacheka. Mupya ilikuwa imeingia. Akapangusa mikono, akaangalia ku ukuta.

"Koko," njo vile ananiita miye bibi yake, "mafuta yangu iko wapi?"

"Nimeigawia watu, ya kufukuza muchwa."

Alikaa tu chini, ku potopoto, kama mutu amekatwa miguu. Akasema mafuta ile ilikuwa nzima, alitaka kuirudisha, na bila mafuta mukono hauwezi kupanda hata kidole.

Sijakimbia tangu vita. Leo nimekimbia.

Yule mama wa chini alinirudishia yake bila neno, hakuwa ameifungua. Mama Zawadi alikuwa ameficha zake chini ya kitanda. Alisimama ku mulango, mikono ku kiuno.

"Weye njo ulinipa. Kitu cha kupewa kinarudi?"

"Leo kinarudi."

"Na mudomo wangu wenye haufungike?"

"Utafungika siku nitakufa. Toa bidon, Mama Zawadi, ni kazi ya mutoto."

Akaniangalia sana. Kiisha akainama mwenyewe chini ya kitanda, akaweka moja ku kichwa chake, ingine ku changu, tukatembea pamoja mupaka ku mashini. Njiani alinitukana hatua kwa hatua. Ninamupenda huyu mwanamuke.

Kwa Papa Yosia nilienda na Neema, tukamukuta na burashi mu mukono. Miti tatu ya nyumba yake ilikuwa inangaa. Bidon yake ilikuwa na muchanga ndani. Neema akaingiza kidole, akasugua, akatikisa kichwa: muchanga ukiingia mu valve mupya, kesho inakufa kama ile ya zamani. Akaiacha. Nilimuheshimu pale, sababu alikuwa na haja nayo sana na aliiacha.

Basi bidon moja ilikosa. Nikaenda miye mwenyewe ku kamio, lori yao, kwa yule mukubwa.

"Papa, mafuta imepunguka. Siyo Neema. Ni miye niliigawa."

"Uliigawa?"

"Niliigawa."

"Mafuta ya mashini, Mama, kama sombe?"

"Kama sombe. Nipigie miye kelele, mutoto muache."

Akapanda nyuma ya kamio. Kiisha akashusha bidon moja ku kamio, ingali na kifuniko chake. Akasema: "Hii ninatoa. Lakini mukono ukishuka jioni, haitakuwa tena sababu ya mafuta."

Neema akajaza. Dereva wa mashini akapanda, moteri ikanguruma. Nikasogea nione vizuri pale valve inaingia, nikanyosha kidole, Neema akanivuta kwa nguvu. Alisema mafuta yenye kusukumwa vile inaweza kupita ndani ya nyama kama sindano. Yeye alipitisha kipande cha karito ya boksi pale, karito ikatoka kavu. Hakuna pahali panavuja.

Mukono ukatikisika. Ukapanda kidogo, ukasimama, ukatikisika tena. Watu wakaguna. Neema akasema ni hewa tu, ongeza pole pole. Ukashuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda. Kiisha ukaenda juu moja kwa moja, mupaka kupita bati ya nyumba yangu, na dereva akaachilia vijiti.

Ukabaki.

Tuliuangalia kama watu wanaongoja mukate kuiva. Mukubwa alisimama, alizunguka, alikaa, akasimama tena. Ulibaki pale pale. Mama Zawadi alinishika mukono, na nikaona ni yeye analia, siyo miye.

Mukubwa akamuita Neema na jina lake. Mbele ya pale alikuwa anasema "weye binti". Akamuambia mufereji wetu wataumaliza kesho, na Jumatatu, siku ya kwanza ya juma, ekipe inaenda Aveba na mashini. "Unapanda na siye."

Neema aliniangalia miye, hakumuangalia yeye.

Njia ya Aveba ninaijua. Ninajua na mambo yake, watu wa bunduki mu pori, na magari yenye hayakurudi. Maneno ilikuwa tayari mu mudomo, yote ya kumuzuia, na miye siko mutu wa kumeza maneno. Nikasema: "Mbona unaniangalia? Jibu mukubwa wako."

Akajibu ndiyo.

Sasa anaoga, anaimba, sabuni nzima inaisha. Niko na furaha kubwa hapa ku telefone. Na woga pia iko, imekaa pembeni ya furaha, siifukuze. Siku ya kwanza ya juma nitamufungia chakula ya njia, nitamusindikiza mupaka ku kamio, na sitamuambia abaki. Hata akichelewa kupanda. Hata akigeuka. Nitaweza?