Mstari Uliouruka

Kwako mke mwenzangu, daktari wa watu na mjukuu wa mtu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa, si umesimama na kikombe cha chai mkononi kama kawaida yako. Je, shingo imepona? Bado unalala na simu kifuani? Mimi sijambo. Magoti yananung'unika, lakini magoti ya umri wangu yakinyamaza ndipo uogope. Paka naye ameota kitambi kama diwani. Mama yako alipita hapa, anasema umekonda. Nikamwambia mtu anayegombana na wakubwa wake kazini hanenepi, amwache mtoto.

Anayeniandikia ni jirani, yule karani mstaafu wa mahakama tunayemwita Nukta. Unamjua alivyo: ukivuta pumzi tu, yeye ameshaweka nukta. Tumekubaliana kila aya anisomee upya, na akilipamba neno langu nalivua nguo palepale. Amenuna kidogo hapa, lakini ameandika.

Mjukuu wangu, tangu ulipoondoka nyumba yangu imekuwa kimya, na kimya hiki sikipendi. Nitakueleza kwa nini, ila niache nianze kwa ile siku yenyewe.

Ulikuja mchana ukanikuta nachambua maharage. Ukavua viatu, ukafunga mlango wa nyuma ukisema upepo unaingia. Nikainuka nikaufungua. Ukaufunga. Nikaufungua. Ukacheka, ukasema iko siku wezi watanibeba mimi mwenyewe, nikakujibu watanirudisha kabla ya chakula. Halafu ukaacha kucheka, ukanieleza habari za lile jarida la madaktari wa akili ambalo wewe ndiye mhariri wake. Mlitangaza kwamba mtu aliyewahi kuugua, au anayesikia sauti, naye aandike, aseme la kwake. Ikaja makala ya mwanamke asiyejitaja. Anasema tangu ujana hadi uzee amekuwa akimsikia ndugu yake aliyefia hospitalini, na hajawahi kumdhuru hata kuku. Uliipenda, ukaipitisha. Ndipo profesa wenu, mwenyekiti wa kamati, aliyekufundisha kazi, akafura kama maziwa yaliyosahaulika jikoni. Alikwambia ana mgonjwa wake aliyesoma maneno ya namna hiyo, akatupa dawa, akajitosa mtoni. Akakwambia tena kwamba anayesema katika makala ile si mtu, ni ugonjwa ndio unaosema, na madaktari hawajadiliani na ugonjwa.

Ukaniambia umeiondoa jaridani.

Nilikuwa nimeshika harage bovu, nikawa silitupi wala silirudishi. Ukaitoa makala kwenye mkoba, ukasema unisomee, nikwambie mimi nisiyejua alifu kwa kijiti kama huyo ni mtu au ni ugonjwa. Ukasoma. Unasoma vizuri, sauti yako ina adabu. Lakini ulifika mahali ukasita, ukainua macho ukautazama mlango wangu wa nyuma, kisha ukaendelea na habari za vidonge. Nikasema umeruka. Ukaniuliza nimesema nini. Nikakwambia namkanya paka asiruke kwenye ungo. Ukaniangalia kitambo, na lile halikuwa jicho la mjukuu. Lilikuwa jicho la kazini.

Sasa nikupe habari ambayo hata mama yako hajapewa. Unajua nilikuwa na mdogo wangu, bibi yako mdogo, na unajua alikufa. Umeambiwa homa. Haikuwa homa. Alikuwa akisikia watu wanamtukana ukutani, akawa hali, halali, anautwanga ukuta kwa mchi. Baba akampeleka hospitali ya akili. Nisiwe mwongo, mwanzoni walimsaidia. Alilala, akala, akanichekesha dirishani kwa kumwigiza muuguzi anavyotembea. Wale waliokuwa wakimtukana walikoma. Kwa hilo nawashukuru hadi kesho.

Baadaye akaanza kutuambia sindano zinamfunga taya. Kila akichomwa shingo inapinda, ulimi unakuwa mzito kama si wake, anakosa pumzi. Baba akamuuliza daktari mkuu. Daktari mkuu hakumtazama mdogo wangu, alimtazama baba, akasema kwa upole kabisa kwamba asihangaike, ni ugonjwa ndio unaosema. Maneno yaleyale, mjukuu wangu. Nilikuwa nimesimama pale na kikapu cha nguo zake. Tukarudi nyumbani. Siku waliyomchoma tena walimfungia chumbani, taya zikabana, akapaliwa. Alikuwa anaugonga mlango. Waliosikia walidhani ni ule ugonjwa wake wa kugonga kuta.

Kwenye mazishi alikuja daktari mmoja kijana, amejificha nyuma ya watu kama mdaiwa. Alinivuta kando akaniambia alishawaona wengine wamebanwa hivyo, akaandika, akapeleka kwenye jarida la wakubwa zake. Wakamrudishia. Walimwambia akichapa mambo hayo watu watakimbia dawa. Na wewe mwenyewe, ulipokuwa mwanafunzi, ulikaa kwenye kigoda hikihiki ukanieleza kwamba sindano ile siku hizi ikimbana mtu taya kuna dawa ya kumlegeza upesi. Nilitoka nikaenda chooni, ukadhani ni tumbo. Niliwaza tu, kumbe dawa ya kumfungua ipo, ila ilisubiri mtu aruhusiwe kusema.

Mdogo wangu alirudi baada ya arobaini. Nilikuwa namenya viazi, akaniuliza nani amefunga mlango. Hakuna zaidi. Hanitumi, hanitukani, hanilizi. Ananiuliza hivyo, wakati mwingine ananicheka nikiunguza mboga. Ndiyo sababu mlango wa nyuma wa nyumba hii haufungwi. Babu yako alidhani ni joto, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuridhika na jibu la kwanza.

Basi umeshajua. Ulipopiga simu kwa furaha ukaniambia jarida lenu sasa litawapa nafasi wenyewe waseme, nilimwita Nukta. Nilisema, akaandika, akanisomea hadi nikaijua kwa moyo kama jina langu. Binti yake akaituma kwa simu. Makala uliyoiondoa ni yangu. Ndiyo maana nilijua umeruka. Mstari wenyewe unasema hivi: mlango wa nyuma siufungi, maana kila siku huniuliza nani ameufunga.

Nimeuchambua mruko wako kuliko maharage. Katika mistari yote, mbona ukauruka huo? Nadhani ulinitambua kabla profesa hajafungua mdomo. Nadhani uliiondoa makala si kwa kumwogopa yeye, bali ili usilazimike kujua. Kama nakusingizia, njoo unigombeze. Kama ni kweli, njoo vilevile.

Na huyo profesa usimfunge mdomo kwa ajili yangu. Mgonjwa wake alikufa kweli, na yeye usingizi wake naujua ulivyo. Mwambie aandike. Maneno yake yakae ubavuni mwa yangu, herufi saizi moja, asiwe mkubwa wala mimi. Mimi sikusema watu watupe dawa. Nilisema mtu akilia kwamba taya inabana, mtazame taya. Akitaka kunibishia, anibishie mimi, asiubishie ugonjwa. Na ukiichapa, weka jina langu zima, lile la kwenye kitambulisho.

Nimeogopa kusema haya maisha yangu yote, si kwa sababu ya wenye makoti meupe. Nilikuogopa wewe, tangu ulipoanza kusomea kazi hii. Niliogopa siku utakaponiuliza habari za usingizi na chakula kwa ile sauti ya pole, huku mkono unatafuta kalamu. Ukija, nichagulie jicho. Nilikuogesha kwenye karai, nina haki ya jicho la mjukuu.

Sasa kile kimya. Siku ile ulipoanza kunieleza habari za jarida, mdogo wangu alikuwa karibu na mlango anasikiliza, amefurahi, nilimjua kwa pumzi. Uliposema maneno ya profesa aliacha kupumua. Tangu hapo hajasema. Nimeunguza mboga makusudi. Nimefunga mlango, mjukuu wangu, nikakaa na kulisubiri lile swali lake, hakuuliza. Nimeufungua tena.

Nukta ananisomea hapa, anasoma bila kupumua, kwa mara ya kwanza amesahau kuweka nukta. Wasalimie wenzako kazini, hata profesa. Kula. Jarida bado halijaenda kwa mpiga chapa, na basi la huku lipo kila siku. Usibishe hodi, ingia kwa nyuma, na ukishaingia usifunge.

Ni mimi bibi yako,
kwa dole gumba langu mwenyewe.