Kufuta, Sifuti

Mama Apiyo,

Kiti chako bado hakijakaliwa na mtu. Si kwa heshima, usijidanganye. Mguu umelegea, na ni wewe tu uliyejua kukikalia bila kuanguka.

Kesho asubuhi naitwa ofisini kwa mkuu mpya wa maktaba. Huenda nikatoka huko bila kazi. Ameagiza nifute kwenye katalogi majarida yote ya mtandaoni yaliyokoma au kubadilisha jina. Rekodi zako, Mama, zile ulizozilea kama vifaranga. "Bwana Ouma," akaniambia, "maktaba si makaburi." Nikamjibu, "Hata makaburini, Mkuu, watu huandikwa majina." Hakucheka. Wewe ungeshika meza kwa kicheko.

Si mtu mbaya. Linki nyingi kweli hazifunguki, na wanafunzi humlalamikia yeye. Basi akaanza mwenyewe na lile jarida la samaki wa ziwa letu: akafuta jina la kale, akaweka jipya juu yake, akapangusa mikono.

Juzi akaja msichana kutoka Bondo anayeandika kuhusu omena, wale dagaa wetu. Akatafuta kwa jina la kale, kompyuta ikamwambia hakuna. "Lakini mwalimu wangu alilisoma hapa hapa!" Akanigeuzia skrini nione. Makala yenyewe bado ni yetu, yapo palepale, ila hakuna tena jina la kuyaita.

Nikasikia ukininong'oneza: "Ouma, jarida likibadilisha jina, la kale lifunge, jipya lifungulie rekodi yake, kisha washikanishe mikono." Nikafanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa. Msichana akasoma makala yake. Mkuu akasoma jina langu kwenye orodha ya mabadiliko. Tangu hapo hanisalimii.

Jumapili nilikwenda kwako Awasi. Apiyo wako amejifungua msichana, na tangu azaliwe mtoto alikuwa analia tu. Unaijua desturi yetu: mtoto asiponyamaza huitiwa majina ya waliotangulia, mpaka lipatikane lake. Wakaita la nyanya wa baba, wakaita la shangazi, wapi! Wakaita lako: "Atieno." Kimya. Akanikazia macho kama wewe ulipoona nimesahau nukta kwenye rekodi.

Nilikuwa nimekwenda kukuaga kaburini tu, Mama, nirudi mjini nikafute. Sikuweza tena.

Kwa hivyo kesho nitamwambia mkuu nitapima linki moja moja, na iliyooza nitaitengeneza. Kufuta, sifuti. Akitaka, anifute mimi. Nimeshaandika.

Pumzika, Mama. Rekodi yako nayo nimeifunga leo kichwani mwangu, vile ulivyonifunza, na nimeishikanisha: inaendelea Awasi, bado haina meno.

Wako,
Ouma