Kiwango cha Nne

Jumatatu, 12 Januari 2026

Joto la Jeppestown! Cherehani imekuwa pasi. Kwa Nusaiba huko Norwei theluji imepita kiuno. Taarifa ya maporomoko leo: hatari kiwango cha pili, mwisho tano. Simu inanitafsiria. Chini kabisa kuna jina la mwangalizi — binti yangu! Kachimba shimo kwenye theluji, kapima matabaka, karudi bondeni, kaandika. Jina likitokea saa kumi jioni, najua kashuka mzima. Ndipo nakula.

Mama yake hajui. Nusaiba aliniomba, kwa kile Kiingereza chake cha hapa Joburg: Mama ana presha, mwambie niko ofisini. Basi nikamwambia Mwanaasha mtoto anapima hali ya hewa, kakaa kwenye kiti, ana hita. Uongo mtupu. Mungu anisamehe.

Jumatano, 14 Januari

Tatu. Octave, yule Mkongo tunayeshona naye karakana moja, kaniuliza: "Papa Luqman, kila siku uko unaangalia nini mu simu?" Nikatandika satini mezani, juu yake koti zito, nikasukuma kwa kidole. Puu! Lote chini. Nikamwambia theluji nayo hivyo hivyo. Tabaka la chini likiwa dhaifu, la juu zito, mtu mmoja akikanyaga tu, mlima mzima unavuliwa nguo. Kacheka, kisha kauliza: Na mtoto anapanda huko? Anapanda. Ndiyo kazi yake, kuwaambia wenzake wasipande! Eish.

Namshonea kizibao, bitana ya sufu. Mwanaasha kauliza cha nani, na joto lote hili. Nikasema mteja.

Ijumaa, 16 Januari

Tatu. Jina limechelewa dakika ishirini. Sizitaki tena dakika kama zile.

Jumamosi, 17 Januari

Sikwenda kazini. Asubuhi niko hapa nyumbani, Troyeville, nangoja chai. Mwanaasha jikoni kanipa mgongo, anageuza chapati. Kasema tu: "Leo nne."

Nikajifanya sielewi. Nne nini?

"Baba Nusaiba, usinifanye mtoto. Kiwango. Wamekipandisha alfajiri. Upepo umerundika theluji upande wa mashariki, tabaka la chini halishiki."

Kikombe nusura kinidondoke. Anasoma! Kila siku, tangu Novemba! Nusaiba alimwomba asiniambie mimi — Baba akijua hatashona tena. Yule mtoto! Katufunga midomo wote wawili. Mwanaasha kacheka mpaka kaweka mwiko chini, halafu kanilalia begani, kalia. Na kizibao alishakijua siku nyingi. Kola nimekata ndogo, kasema, mtoto ana shingo ya kwao Tanga. Nimefumua, nakata upya.

Nampenda mwanamke huyu. Siku nyingi sijamwambia. Nimemwambia leo, chapati ikaungua.

Saa kumi. Hakuna jina.

Saa kumi na nusu. Radi huku, mvua ya mawe. Tumempigia — inaita, haipokelewi. Mwanaasha kasema tusipige tena, pengine mikono yake iko kwenye koleo, bado anachimba theluji.

Saa kumi na moja. Taarifa imetoka, jina si lake. Maporomoko bonde la pili. Watu wawili wamefukiwa, waangalizi wamepanda kwenda kuwafukua. Haisemi waangalizi gani. Sisi tunamjua wetu, hawezi kubaki chini.

Mwanaasha kavaa miwani, anashikiza bitana kwa mkono. Mimi namkatia uzi. Simu zetu mbili ziko hapo juu ya kitambaa. Miezi yote hii kila mtu kaogopa peke yake, nyumba moja, kitanda kimoja! Leo angalau tunaogopa pamoja.

Kasema, Baba Nusaiba, bonyeza tena hiyo taarifa.

Nimebonyeza. Bado.

Kasogeza kiti chake karibu na changu. Bonyeza, anasema.