Herufi za Gambuti

Ndugu yangu Njoroge,

Pokea salamu za fundi mkuu wa herufi Eldoret nzima. Kutoka hapa hadi Moi's Bridge hakuna ukuta ambao mkono wangu haujaupaka.

Sawa, acha kucheka. Ni ukuta mmoja, uko Kiplombe, na huo pia nusura ninyang'anywe. Goti lako linaendeleaje? Bado linauma tu ukitumwa maji? Langu ni zee kama lako lakini linapanda ngazi.

Ukuta wenyewe ni wa posho mill ya Mama Cherono. Kwanza binti mmoja wa Kapsoya alimchapishia bango kwa kompyuta, herufi nyembamba kama miguu ya kuku. Unga ukarukaruka, ukatua juu yake, zikapotea. Wenye magunia wakawa wanapita tu. Ndipo akaniita mimi, akanipa mpaka Jumamosi: watu wasome kutoka ng'ambo ya barabara, ama amrudie binti. Na mimi nikikosa huo ukuta, ni kurudi huko unichungishe mbuzi wako. Najua ungefurahi.

Nikaandika POSHO MILL kwa zile herufi zangu za gambuti: unene mmoja mwili mzima, na kila mguu umekatwa mraba mwishoni kama tofali. Unazikumbuka kwenye magunia ya baba. Hata zikipakwa unga, zinaonekana. Binti alipopita aliniambia kwenye mashine yake zinaitwa slab. Nikamwambia hayo nayajua, nilifika darasa la nne.

Mama Cherono akaja, akashika kiuno.

"Mzee Kamau, hawa wengine wote umewavalisha viatu. Mbona hizi O mbili ziko miguu mitupu?"

Nikamweleza O ni duara, haina mguu wa kuvaa kitu. Akasema kwake hakuna mtoto wa kubaguliwa. Nami kwa kuogopa mbuzi wako nikazivalisha zote mbili, tofali moja kila ubavu, kama mikono ya kushikia. Ijumaa asubuhi mteja wa kwanza akaingia kuuliza bei ya sufuria. Wa pili akauliza kama zina vifuniko.

Mama Cherono alinitazama mpaka nikashuka ngazi bila kuambiwa. Halafu akaketi juu ya gunia, akacheka hadi akafuta machozi kwa leso.

"Zivue," akasema.

Nikazivua. Jumamosi foleni ya magunia ilifika kwenye lami, na sasa amenipa ukuta wa mbele pia, mrefu kuliko zizi lako.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, anayekuvumilia. Dada yetu mkubwa msalimie kwa sauti, sikio lake nalijua. Na mkwe wako mwalimu mwambie nimeandika barua hii bila msaada.

Sasa, ile brashi yangu bapa uliyoazima upake choo chako rangi, ukasema utairudisha kesho yake. Hii ya duara niliyobaki nayo inazivalisha herufi ndara. Ile bapa mpe dereva wa gari la Eldoret. Lakini ioshe kwanza.

Kaka yako,
Kamau