Salamu za Kupeleka Ashelby

Flemingdon Park,
Toronto.
Jumapili, 2 Oktoba 1994

Mpenzi dada yangu Nyanchama,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa Amyn wangu, ambaye hakujui ila kwa picha na masimulizi, lakini barua yako ikifika huilaza juu ya mto wangu ili niione mara niingiapo chumbani. U hali gani? Ule mguu ulioteguka umepona? Kaka Crispus na mkewe wazima? Mimi mwilini sijambo kabisa. Moyoni ndiko sijui nikuambie nini, maana furaha na msiba vimekaa humo kiti kimoja na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Niwie radhi kwa kukawia. Barua yako ya Agosti ilitukuta tumo matangani. Mama mkwe wangu, Ma Nurjehan, alifariki tarehe kumi na moja mwezi huo, usingizini. Najua hukupata kumwona, kwa hiyo nitakusimulia tangu mwanzo. Nina jambo la kuungama, na sina wa kumwambia ila wewe niliyenyonya nawe ziwa moja.

Kwanza nikuondoe wasiwasi: ndoa yangu ni tamu, Nyanchama, tamu mno! Miezi kumi na moja sasa na bado nikisikia ufunguo mlangoni nashtuka kama msichana. Amyn hutengeneza mashine za kutolea nakala maofisini, anarudi na wino vidoleni. Akishuka kwenye basi la Don Mills hupunga mkono kuelekea ghorofa yetu ya kumi na nne, ingawa anasema kwa umbali ule hawezi kujua kama nipo dirishani. Nipo kila siku. Asubuhi za baridi huweka viatu vyangu juu ya chuma cha kupashia nyumba joto kabla sijaamka. Mama angeyaona haya angesema mwanamume huyu nimemlisha kitu. Na nikiwa nyumbani navaa ile kanga aliyoniletea Nicolaus kutoka nyumbani mwezi wa Juni alipokuja kusoma huku, kanga ya zambarau ya Mama mwenyewe, iliyofifia, yenye kitundu cha kaa la moto pembeni. Nilipoifungua nililia kwa furaha. Nilimwambia Amyn, tazama, maharusi wengine hupewa kanga mpya dukani, mimi mama yangu kanipa ile ile aliyonibebea mgongoni.

Sasa nikueleze habari za Ma Nurjehan. Alikuwa mzaliwa wa Jinja, na Kiswahili chake cha Jinja kilikuwa hakina habari na ngeli. Kiti kilikuwa "kiti yangu" na mimi nilikuwa "mtoto nzuri". Nikicheka, alinijibu kwamba sisi wa Musoma tunaongea kama watu wanaosoma taarifa ya habari redioni. Alinipenda tangu siku ya kwanza. Kwa kuwa mama aliyenizaa sikumjua, nikamwona kama zawadi ya pili baada ya Mama wetu, mama yako aliyeninyonyesha.

Wahindi walipofukuzwa Uganda mwaka sabini na mbili, yeye, marehemu mumewe na Amyn wa miaka sita walipelekwa Uingereza. Walikaa kambini wiki kadhaa, kisha wakapewa nyumba katika mji mdogo uitwao Ashelby, mji wa soko. Alhamisi moja baada ya nyingine, kwa miaka tisa, soko lile lilikuwa maisha yake. Wakahamia Toronto, lakini moyo wake ulibaki kule. Kila Jumapili baada ya ibada, Mzee Roshanali, ambaye naye aliishi Ashelby, alikuja kutoka Richmond Hill kunywa chai na kukumbuka. Walibishana kama watoto. Mzee alishikilia kwamba muuza jibini alikaa kushoto kwa msalaba wa mawe ulio katikati ya uwanja, Ma akasema kulia. Mzee akamwambia hawezi kukumbuka kwa sababu macho yake yalikuwa kwa muuza nyama, na Ma akamjibu kwamba yeye ujana wake wote aliulala, hata mvua ya mawe ilimpita. Amyn na mimi tulicheka mpaka chai ikapoa.

Lakini kisa cha Doreen hakuna aliyekibisha. Doreen aliuza mayai. Alhamisi ya kwanza ya Ma sokoni ilikuwa Novemba, naye alikuwa na koti la kupewa, hana glavu, vidole vimekufa ganzi hata hawezi kufungua kikapu. Doreen aliacha mayai yake. Alikwenda kwa mchoma viazi, akarudi na viazi viwili vya moto, akamtia kimoja mfuko huu wa koti na kingine mfuko ule, kisha akamshika mikono na kuiingiza humo. Ma alisema siku ile ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Jinja. Baadaye Doreen alimpa pembe ya meza yake auze bajia, na mji mzima ukamwita Nora kwa kuwa Nurjehan iliwashinda.

Mwaka huu alikusudia kurudi kutazama. Daktari akakataza, akasema moyo wake hautavumilia ndege. Ma akatuita, akasema twende sisi, iwe ndiyo fungate yetu, na hatutumi kitu ila salamu. Ziandike, akaniambia. Salamu ni amana, mwanangu. Ukiibeba usipoifikisha, inakukaa shingoni.

Nikaziandika nyuma ya daftari langu la mapishi. Ya kwanza, kwa muuza nyama, ambaye alikuwa akiosha kisu chake upya kabla ya kumkatia nyama ya kondoo, bila kuombwa. Ya pili, kwa bibi wa maktaba aliyemwacha Amyn akae karibu na moto mpaka soko lifungwe. Ya tatu, kwa mzee aliyepiga kengele ya kufungua soko. Ya nne, kwa Doreen: mwambie mikono yangu haijaona baridi tena.

Nyanchama, Ashelby ni mji mzuri kama picha ya kalenda. Tulifika Alhamisi ya Aprili, maua ya manjano yamejaa kandokando ya mto, Amyn ananivuta mkono tukikimbia kutoka stesheni, ananionyesha ukuta alioangukia na mti alioupanda. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Tukapinda kona ya kanisa, akasimama.

Uwanja ulikuwa umejaa magari yaliyoegeshwa. Hapakuwa na soko. Mlinzi wa magari alituambia lilikwisha miaka sita iliyopita, lilipofunguliwa duka kubwa barabara ya kutokea mjini. Kwa muuza nyama sasa wanakodisha kanda za video. Bibi wa maktaba alistaafu akahamia pwani, anwani hawana. Mpiga kengele hakuna aliyemkumbuka, wala kengele yenyewe. Tulipomuulizia Doreen wa mayai, mama mmoja wa duka la chai alifikiri sana, akasema labda kuna binti yake upande wa pili wa mto, lakini hana hakika ni nyumba ipi.

Amyn alitaka tulale pale, asubuhi twende tukaulize nyumba kwa nyumba. Mimi ndiye niliyekataa. Tulikuwa na chumba London, na jioni hiyo tungepanda mtoni mashua yenye muziki na mishumaa, jambo nililoliota tangu nikiwa sekondari. Nikamwambia mpenzi, hii ni fungate yetu. Akaniangalia, akatabasamu, tukapanda treni ya saa kumi.

Tuliporudi Toronto, Ma alikuwa ameketi akitungoja, amevaa sari yake ya kijani ya sikukuu. Amyn alikuwa bado chini na mizigo. Akaniambia nikae, nitoe daftari, nimpe majibu moja moja. Nikafungua mdomo nimweleze kuhusu magari, nikaona alivyojipamba. Nikashindwa. Nikasema muuza nyama amezeeka lakini kisu bado anakiosha. Nikasema bibi wa maktaba anamuuliza Amyn kama anasoma. Nikasema mpiga kengele alipunga mkono. Kwa Doreen nilitia chumvi mpaka ikafurika. Nikasema mashavu yake bado mekundu, alinishika mikono yote miwili, akasema mwambie Nora viazi vyake viko jikoni, vinamngoja.

Ma alinitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama Doreen aliyasema hayo kwa kinywa chake. Nikajibu kwa kinywa chake. Akanibusu paji la uso, akasema nimefika salama na salamu zimefika salama.

Amyn nilipomweleza alisema nimefanya vyema. Alhamisi iliyofuata Ma alikaanga bajia tangu asubuhi, ingawa hatukuwa na mgeni. Akachoma viazi viwili katika oveni, akavitia kimoja kimoja katika mifuko ya lile koti la zamani linaloning'inia nyuma ya mlango, akasimama amelikumbatia. Nikamwambia Amyn, tazama nilivyomfurahisha. Tangu hapo kila alasiri alitaka nimsimulie tena Doreen alivyosema, nami nikawa naongeza. Nilimpa Doreen wajukuu. Nilimpa paka.

Jumapili iliyopita, arobaini imekwisha pita, Mzee Roshanali alikuja kama kawaida. Alikaa mbele ya kikombe bila mtu wa kubishana naye. Amyn alipotoka kununua maziwa, akatoa bahasha mfukoni, akasema Nurjehan alitaka ichomwe, ila yeye ameshindwa kuchoma mwandiko wa watu. Ilitoka Ashelby. Binti yake Doreen alikuwa anajibu kadi ya mwaka mpya ambayo Ma aliiandikia jina la Doreen na la mji tu. Mama yake alifariki Januari, alikuwa mgonjwa muda mrefu, na alipenda kusimulia habari za Nora na bajia zake.

Barua ile ilifika Jumanne, sisi tukiwa Uingereza, siku mbili kabla hatujafika Ashelby. Kwa kuwa macho ya Ma yalikuwa dhaifu, alimwita Mzee aje kumsomea. Kwa hiyo siku ile aliyovaa sari ya kijani na kuniambia nitoe daftari, alikuwa anajua. Aliniuliza akitumaini nitamwambia nilisikia habari za msiba, tulie pamoja. Mimi nikamletea mashavu mekundu.

Mzee alimuuliza kwa nini asiniambie. Akamjibu kwa Kiswahili chake: "Mtoto imenibebea salamu kwa mapenzi. Nikisema, itaona haya mbele yangu siku zote. Wacha." Kwa hiyo, Nyanchama, alimlia rafiki yake kwa siri, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ili kunisitiri mimi. Zile bajia zilikuwa za matanga. Vile viazi pia. Miezi minne hakuna aliyempa pole. Jumapili nikiingia na chai wao walikuwa wananyamaza, nami nilidhani wananisengenya upishi wangu. Na kila alasiri alipotaka nimsimulie tena, sijui kama alikuwa anajiliwaza, au alikuwa ananifungulia mlango niseme kweli. Mara zote nilipita nje ya mlango huo nikiwa na paka mkononi.

Hayo ndiyo maungamo yangu. Sasa nina swali moja.

Jana nilizitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Zamani salamu za Mama zilikuja na fujo. Aliuliza kama nimeacha kutafuna nywele, aliniarifu kwamba mbuzi wa pembe moja amekula sabuni, alisema nisimdanganye kwa picha, nimekonda. Lakini katika barua ya Machi umeandika, "Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na umtii mumeo." Ya Juni, maneno hayo hayo. Ya Agosti, hayo hayo. Mama hajaniambia hata siku moja nimtii mtu. Salamu hizo ni laini, dada. Ni laini kama zangu za Doreen.

Nicolaus naye nilipomuuliza hali ya Mama alisema wote hawajambo, akaomba koti lake, na nje kulikuwa na mvua kubwa. Na kanga. Nimeinusa tena usiku kucha. Mama hana desturi ya kutoa nguo anayoivaa. Kwenu kanga ya mama hugawiwa binti zake, na nakumbuka ni lini hugawiwa, maana za bibi yako zilipogawiwa matangani tulikuwapo sote wawili.

Kama ni hivyo, sikulaumu hata chembe. Najua mlisema ni bibi harusi, yuko mbali, hana njia ya kuja, mwacheni afaidi siku zake. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, tena kwa mapenzi. Lakini nimeona mwisho wake. Kama umekuwa ukimlia Mama peke yako na huku unaniandikia kwa tabasamu, acha sasa. Usinisitiri. Nipe sehemu yangu ya kilio, ni haki yangu, nami nikupe pole uliyoikosa tangu Machi.

Na kama nimekosea, kama yuko hapo anachambua dagaa, msomee yote haya anitukane kwa kumzika mzima. Nitalibandika tusi lake ukutani.

Amyn anakusalimu. Huyu yupo kweli, amelala hapa kando yangu na wino vidoleni. Msalimie Crispus, mkewe, na majirani wote walio hai, kila mmoja kwa jina lake. Ya Mama ni hii, nayo ni amana: mwambie kanga yake imefika, na mgongo wake naukumbuka. Ukimkuta nyumbani, mpe nyumbani. Kama amelala pale alipolala bibi yako, nenda na barua hii mpaka hapo, ukae chini, umsomee polepole. Kisha uniandikie ulimkuta wapi.

Nduguyo wa ziwa moja,
Roshanara