Shemeji Kachomwa Sindano ya Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, mume wangu ni fundi cherehani, ana ugonjwa sugu wa figo mwaka wa tatu sasa, chumvi tumepunguza, dawa anameza bila kusukumwa, lakini daktari alipomwambia akachanjwe chanjo ya mafua akageuka mtoto, mara itamletea hayo mafua yenyewe, mara itamalizia figo zilizobaki, nikambembeleza wee mpaka siku moja akachukua kadi ya kliniki, akaenda, akarudi na pamba mkononi, nami kwa furaha nikamsifia mbele ya majirani, kumbe! Kesho yake akaja shemeji, pacha wake, anayepaka rangi nyumba, kikombe cha chai kinamshinda kuinua, namuuliza una nini, akaropoka, “Si ile sindano ya mumeo, shem, inauma hiyo!” kisha akajiziba mdomo, na nesi wa watu angejuaje wakati hao wawili ni shilingi kwa ya pili? Sasa shemeji ananisihi nisimwaibishe ndugu yake, na mafua yameshaingia mtaani, wateja wanapiga chafya huku wanapimwa kiuno, nami kila mume wangu akikohoa moyo unanilipuka. Nikamsemee kwa nesi au ninyamaze?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi,

Pole, ingawa nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Hao ndugu walichangia tumbo la mama, lakini figo kila mtu ana zake, na kinga vilevile. Aliyekingwa ni mpaka rangi. Mgonjwa bado yuko wazi.

Mwambie mumeo chanjo ya sindano haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa mafua. Mkono utauma, pengine na kahoma kepesi siku moja mbili, basi. Figo haziharibiwi na chanjo. Cha kuogopa ni mafua yenyewe, ambayo kwa mtu wa figo hugeuka upesi homa ya mapafu na kumlaza hospitali. Tena chanjo hurudiwa kila mwaka, na mapacha wa kutuma hatakuwa nao wa kutosha.

Na wewe dada, majirani uliwatangazia, kliniki hukumsindikiza! Kesho nendeni wote, nawe uchanjwe, maana mnalala chumba kimoja. Nesi aambiwe ukweli ili kadi irekebishwe, lakini aseme mumeo mwenyewe. Atagombezwa kidogo, aibu haijaua mtu. Kama ana mzio wowote autaje. Na mkono ukimuuma asinunue dawa ya maumivu dukani kabla ya kumuuliza daktari, kwani nyingine huumiza figo.

Lingine. Barua nzima umenieleza habari za shemeji, nesi na wateja, lakini sijaona mahali ulipomwambia mumeo kwamba unaogopa kumkosa. Mwambie leo. Anaweza kumkwepa daktari. Mke anayemwambia “nakutaka uzeeke nami” atamkwepea wapi?