Kikapu ya Babu Inakuja Fakilte

Kisangani, Jumamosi, siku ya posho

Solange, mujukuu yangu, mbanda yangu, muke mwenzangu kwa babu yako, mwenye kichwa nguvu,

Umeingia fakilte ya sheria, kule chuo kikuu! Kartiye yote, mutaa muzima, inajua, maana nilipiga vigelegele mpaka pasta akakimbia huku na kiatu kimoja, alizani kuna maiti. Muguu yangu yenye ilikuwa inauma iko sasa vizuri. Kuku ya jirani imekula tena muhogo yangu.

Bon. Kaka yako Doudou alirudi toka kwako jana, ameniambia yote. Eti wanafunzi wenzako wanasema uliingia kwa fasi, nafasi yenye wanawekea watoto wa wavuvi, si kwa akili. Na wewe, mujinga, ukawajibu eti wazazi wako wanauzisha nguo! Haukuona haya?

Sikia. Fasi yetu ya kutega samaki pale kwenye maporomoko, babu yako alipewa na baba yake. Hakuna mutu aliita ile wizi. Lakini kikapu ya kutegea alitelemusha ye mwenyewe, na maji ikamuvunja mubavu. Na wewe fasi walikupa, ndiyo, lakini mitihani unaingia mwenyewe.

Kesho Doudou anarudi kwako na kikapu ya babu, imejaa samaki ya moshi. Harufu itasema kabila yako kabla haujafungua kinywa. Uifungue katikati yao wote, na wao wakule! Doudou atabakia hapo mpaka samaki iishe. Halafu ataniambia kama ulijificha.

Ni mimi, koko yako Albertine, koko ya avoka, wakili ya kesho.